Sista Odile, Mwalimu wa Macho Aliyechelewa Kusikia

Alizaliwa tarehe nne Februari mwaka 1907 katika parokia ya Anse-aux-Saules, kando ya mto Saint-Laurent, mtoto wa saba kati ya watoto tisa wa Télesphore Thériault na mkewe Zénaïde. Baba yake alitega mikunga mtoni wakati wa vuli na kukata miti msituni wakati wa baridi. Mama yake alizaa, alifuma, alipika, na aliongoza rozari ya jioni akiwa amepiga magoti kwenye sakafu ya mbao. Siku ya tatu mtoto alibatizwa kwa jina la Léonie, ingawa theluji ilikuwa imefika madirishani na paroko aliwaomba wangoje. Katika nyumba hiyo aliishi pia bibi mzaa baba, Mérence, aliyekuwa amepofuka kwa presha ya macho, na Léonie ndiye aliyepewa kazi ya kumshika mkono kwenda Misani. Alipokuwa na miaka minane alimwuliza bibi yake kama macho yalimuuma siku yalipokuwa yakizimika. “Hayakuuma hata kidogo, mjukuu wangu,” bibi alimjibu. “Yangeuma ningelalamika, na ningelalamika labda mtu angeniangalia.” Sista mwenyewe alituambia baadaye kwamba wito wake ulianzia hapo, hatua chache kutoka mlango wa kanisa.

Mwaka 1926 aliingia katika shirika la Masista wa Mtakatifu Lusia mjini Quebec, akachukua jina la Odile. Kwa miaka kumi alikuwa muuguzi katika wodi ya macho ya hospitali ya shirika. Alifunga vitambaa, aliosha nyuso, alitia matone, na aliwaona madaktari wakipita mbio kutoka kitanda hadi kitanda kama watu wanaowahi treni. Roma ilipowaruhusu watawa wa kike kusomea utabibu, Mama Mkuu wa wakati ule, Mama Sainte-Clothilde, alimfuata jikoni.

“Odile, acha viazi hivyo. Unakwenda kusoma udaktari.”

“Mama, mimi nina miaka thelathini.”

“Miaka sita ijayo utakuwa na thelathini na sita, ukisoma usisome. Nawa mikono.”

Alikwenda kwa utii, lakini hatutakosea tukisema alikwenda pia kwa furaha. Darasani walikuwa wanawake wawili kati ya wanaume themanini. Siku ya kwanza ya kupasua maiti, kijana mmoja alimwuliza kwa sauti ya kusikika na wote, “Sista, umeleta maji ya baraka?” Naye akajibu bila kuinua macho, “Nimeleta, na kisu nimeleta. Wewe naona umeleta mdomo tu.” Hawakumchokoza tena. Alihitimu mwaka 1942, akasomea magonjwa ya macho miaka mitatu zaidi, na mwaka 1945 akarudi katika wodi ileile alikokuwa akiosha nyuso, safari hii akiwa mwalimu wa wanafunzi wa udaktari.

Ni lazima niseme alivyofundisha, kwa kuwa bila hilo hamtaelewa uzito wa yaliyofuata. Walimu wengine walifundisha dawa. Yeye alifundisha kutazama. Wanafunzi walipokimbilia kufunua kope za mgonjwa, aliwasimamisha: “Mmeshamsalimu? Jicho lina mwenyewe.” Kila mwanafunzi alitakiwa akae asubuhi nzima amefungwa kitambaa machoni, alishwe supu ya njegere na mwenzake, amwagikiwe kifuani, ajue. Aliwafundisha kushika tochi ndogo ya kuchungulia ndani ya jicho, kusogea mpaka pumzi ya mgonjwa iwaguse shavuni, na kutafuta katika mboni ule mwanga mwekundu kama kaa la moto, ambao ni dalili ya jicho zima. Nakumbuka mkata miti mmoja aliyeletwa na jicho jekundu. Mwanafunzi alisema ni uchafu tu, aoshwe macho arudi msituni. Sista akamwambia, “Umeangalia wekundu. Sasa angalia mboni.” Mboni ilikuwa ndogo, na imepinda upande mmoja kama kitufe kilichoshonwa vibaya; uvimbe ulikuwa ndani ya jicho, si juu yake. “Ungemrudisha msituni,” alisema Sista, “angerudi hapa akiongozwa kwa fimbo.” Mkata miti akacheka, “Sista, mwache dogo, mimi nimemsamehe.” Na Sista akajibu, “Wewe msamehe. Mimi kazi yangu si hiyo.” Wanafunzi walimpachika jina la Jenerali. Walimwogopa na kumpenda, na maneno yake yalinukuliwa mpaka koridoni. Mimi ninayeandika haya nilikuwa padre wa hospitali hiyo tangu mwaka 1946, na naungama kwamba mimi pia nilidhani mwanamke huyu hawezi kukosea.

Mwaka 1947 ilifunguliwa wodi mpya ya watoto njiti. Ilikuwa na masanduku ya kioo yaliyopashwa joto, na mrija wa oksijeni ukiingia katika kila sanduku mchana na usiku. Watoto waliozaliwa wakiwa wepesi kuliko mkate, ambao zamani tungewabatiza haraka na kuwazika, sasa waliishi. Tulishangilia, nami niliimba Te Deum, wimbo wa shukrani. Lakini baada ya miezi michache baadhi ya watoto hao walianza kurudishwa na mama zao. “Haniangalii,” mama alisema. “Nikimtikisia kengele anageuka, nikinyamaza hanioni.” Sista Odile aliwasha tochi yake, na pale alipotarajia mwanga mwekundu alikuta weupe, kama maziwa nyuma ya kioo. Ugonjwa huo ulikuwa ukitokea pia katika hospitali kubwa za miji mingine, na hakuna aliyejua sababu. Sista alisoma kila jarida, aliandika barua, alifunga Ijumaa na Jumatano. Alipokosa la kuwaambia akina mama, aliwaambia, “Ni mapenzi ya Mungu, mama.” Nami nilisema vivyo hivyo.

Katika darasa la mwaka 1951 alikuwamo mwanafunzi aliyeitwa Rosaire Pelchat, mwana wa mkata miti wa Abitibi, mrefu, mwenye kigugumizi kidogo. Likizo ya kiangazi alikuwa amefanya kazi katika hospitali ndogo ya pwani, isiyo na masanduku ya kioo. Huko watoto njiti waliwekwa ndani ya kreti za mbao karibu na jiko, wamezungushiwa chupa za maji moto. Wengi walikufa. Lakini Pelchat aliwatafuta waliopona, nyumba kwa nyumba, akawaangalia macho: kumi na wanne, na wote wanaona. Siku ya Alhamisi, mwezi Februari, mbele ya kitanda cha mtoto aliyepofuka na mbele ya wenzake thelathini, aliinua mkono.

“Sista, na-naomba kuuliza. Kule pwani hakuna oksijeni, na hakuna vipofu. Hapa oksijeni ni tele, na vipofu ni tele. Je, haiwezekani kwamba ni sisi?”

Sista Odile akasema, “Pelchat, umekwenda kuhesabu vitoto kama kuku wa bibi yako, ukatuletea sayansi?”

Darasa zima lilicheka. Mwenzake mmoja akanong’ona, “We Pelchat, hesabu na mayai.” Pelchat alitaka kuendelea, lakini kigugumizi kilimkaba. Sista akamaliza: “Nikipunguza hewa hiyo na mtoto akafa leo mchana, wewe ndiye utakayemwambia mama yake? Kaa chini.”

Kijana akakaa chini. Mwisho wa muhula Sista aliandika katika ripoti yake: Ana akili, hana unyenyekevu, arudie mwaka. Hakurudia. Alimwambia rafiki yake kwamba hawezi kusimama tena mbele ya watu waliomcheka akiwa amesimama kando ya kitanda cha mtoto. Alipanda treni kwenda La Tuque, akaajiriwa katika kiwanda cha karatasi, akipima ubora wa rojo ya mbao. Wodi ikaendelea, mirija ikaendelea, na watoto wakaendelea kuletwa na mama zao.

Vuli ya mwaka 1954 yalifika majibu ya uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa pamoja na hospitali nyingi. Ilikuwa oksijeni. Hewa tuliyowapa bila kipimo iliokoa mapafu na kuharibu macho. Sista Odile alisoma karatasi hizo akiwa amesimama dirishani katika chumba cha wauguzi. Mchana huohuo aliagiza mirija ibanwe na kila mtoto apewe kwa kipimo, kisha akaomba daftari la wodi. Walikuwa watoto thelathini na wawili tuliowapofusha kwa jumla, yeye na sisi sote. Lakini hakusimama kwenye hesabu hiyo. Alitafuta tarehe ya ile Alhamisi ya Februari, akapiga mstari, akahesabu majina yaliyo chini yake. Yalikuwa kumi na moja.

Wengi tulijaribu kumfariji. Tulimwambia kwamba hakuna aliyejua, kwamba nchi nzima ilifanya hivyo, kwamba mashaka ya mwanafunzi mmoja si ushahidi, na kwamba watoto waliopunguziwa hewa ovyo mahali pengine walikufa kweli, jambo ambalo ni la haki kulisema. Alisikiliza yote, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasahau: “Padre, wale ishirini na mmoja wa kwanza niliwapofusha kwa kutojua, na hao nitawalilia. Wale kumi na mmoja niliambiwa. Sikutakiwa kuamini. Nilitakiwa kwenda kuhesabu. Badala yake nilichekesha darasa. Na mama zao niliwaambia ni Mungu. Nilimsingizia Mungu.”

Majira ya kuchipua ya mwaka 1955 alikwenda La Tuque, akamkuta Pelchat langoni mwa kiwanda akiwa na kopo lake la chakula mkononi. Aliyonisimulia Sista na aliyonisimulia Pelchat yanafanana neno kwa neno. Sista alipiga magoti kwenye matope ya theluji inayoyeyuka, mbele ya wafanyakazi wanaotoka zamu.

“Inuka, Sista, watu wanatuona,” alisema Pelchat.

“Waache waone. Mimi ndiye niliyewafanya watu wakucheke. Nisamehe. Na nitakuombea nafasi, urudi chuoni.”

“Nina mke, nina watoto wawili. Sirudi.” Kisha akaongeza, “Na usinipigie magoti mimi. Mimi naona. Nenda kwa wasioona.”

Akaenda. Kwanza aliomba ruhusa, kwa kuwa alikuwa mtawa, na hapo alikutana na jaribu la pili. Wakuu wa hospitali hawakutaka habari hizo zitoke. Walisema zitawatisha wazazi na kuchafua jina la nyumba. Mama Sainte-Clothilde, aliyekuwa mzee sasa, alimkataza kusema lolote kwa magazeti, na Sista akatii. Lakini aliomba mambo mawili: awatembelee wale kumi na mmoja, na awaambie wanafunzi.

“Ukiwaambia hawatakuheshimu tena,” alisema Mama Mkuu.

“Wasiniheshimu, Mama. Wasikie tu.”

Mama Mkuu alilia, kisha akakubali. Kwa miezi saba Sista Odile alizunguka parokia moja baada ya nyingine, kwa treni, kwa basi, na mara moja juu ya gari la maziwa. Katika kila nyumba alisema yaleyale: kwamba haikuwa mapenzi ya Mungu, kwamba alionywa, na kwamba hakusikia. Baadhi walimkaribisha na kumpa chai na mkate wenye asali ya utomvu wa miti, wakilia naye. Baba mmoja wa Portneuf alimwambia, “Sista, ungeniacha na Mungu wangu. Yeye nilikuwa nimeshamzoea.” Mama mmoja alimpiga kofi, kisha akamshika asianguke. Na huko Limoilou, Bibi Bernadette Laliberté, mama wa Denis, alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama kizingitini, akafunga mlango polepole, na hakuufungua tena. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Kwaresima, Sista alirudi, alibisha mara moja, alikaa kwenye ngazi kwa muda wa makumi matano ya rozari, akaondoka. Alifanya hivyo mara kumi na saba.

Darasani, kuanzia Oktoba 1955, somo la kwanza la mwaka halikuwa tena la mboni wala kope. Alisimama mbele ya wanafunzi wapya, akataja majina kumi na moja na tarehe za kuzaliwa. Kisha akasema, “Hawa niliwapofusha mimi, baada ya kuambiwa na mwanafunzi aliyekaa pale mlipokaa ninyi. Anaitwa Rosaire Pelchat. Alikuwa na kigugumizi.” Wengine walishusha macho. Mwaka mmoja kijana aliinuka akatoka nje na hakurudi, naye Sista hakumlaumu. Akaweka pia sheria ambayo ingali inafuatwa katika wodi ile: mbele ya kitanda, aliye mdogo kuliko wote husema kwanza, na mkubwa husema mwisho, na anayesema jambo la ajabu haulizwi amesoma wapi, huulizwa tu, “Umeona nini?”

Mwaka 1963, kwa sheria hiyo, mwanafunzi mnyamavu aitwaye Jacqueline Otis alitangulia kusema mbele ya daktari mgeni mashuhuri. Mtoto wa miaka miwili alikuwa ameletwa kwa sababu ya kengeza, na picha zake za sikukuu ya kuzaliwa zilikuwa mkononi mwa mama yake. “Katika picha hii,” alisema Jacqueline kwa sauti ya chini, “jicho moja lina weupe.” Daktari mgeni alitabasamu, akasema taa za kamera hufanya mengi. Sista Odile alichukua tochi yake. Ilikuwa saratani ndani ya jicho, ingali ndogo. Jicho lilitolewa, na mtoto akaishi. Leo ni mwanamke mzima. Mama yake aliuita muujiza, na akamletea Sista maua. Sista aliyapeleka kwa Jacqueline, akamwambia, “Umeona wewe. Mimi safari hii nimejifunza kunyamaza tu, na imenichukua miaka kumi na miwili.”

Katika miaka yake ya mwisho kansa ya tumbo ilimdhoofisha, lakini aliendelea kufundisha akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Hakuwa na furaha nyepesi, na sitaki kuwadanganya wasomaji kwa kumpa tabasamu ambalo hakuwa nalo. Nilipomtia mafuta matakatifu nilimwuliza kama ana amani. Akajibu, “Nina tumaini. Amani ni yao kunipa, si yangu kuchukua.” Alifariki asubuhi ya tarehe tisa Machi mwaka 1973, akiwa na umri wa miaka sitini na sita. Wanafunzi wake walibeba jeneza, na aliyetangulia mbele ni yule wa mwaka wa chini kabisa.

Tangu hapo watu huacha mishumaa na miwani mikuukuu kaburini pake, na yako mambo yanayosimuliwa. Mwanamke wa Beauport asema presha ya macho yake ilishuka baada ya novena, sala za siku tisa. Mfungwa mmoja, aliyesoma habari zake, alimwandikia mtu ambaye yeye alimkosea barua aliyoiahirisha miaka kumi na mitano. Kanisa halijatamka neno, nami silitangulii. Ninachojua ni kwamba hakuna hata mmoja wa wale kumi na mmoja aliyepata kuona. Waandishi wa maisha ya watu watakatifu wangependa kuandika vinginevyo, na mimi pia ningependa.

Mwaka uliofuata kifo chake nilikwenda Limoilou. Bibi Laliberté alinifungulia, na kijana wake Denis, mwenye miaka ishirini na miwili, alikuwa mezani akisoma kwa ncha za vidole. Nilimwuliza mama huyo kama alikuwa nyumbani zile Jumapili kumi na saba.

“Kila mara,” alisema. “Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilimsikia akihema, hasa miaka ya mwisho.”

“Mbona hukufungua, mama?” nilimwuliza.

“Ningefungua, angeondoka mwepesi. Na mimi ningebaki na mwanangu.” Kisha akaongeza, akinimiminia chai, “Mwaka jana Jumapili ile ilipofika, nilikwenda nyuma ya mlango. Nikasimama. Ngazi zilikuwa kimya. Sikujua kwamba ningetamani abishe.”

Nilimwendea pia Rosaire Pelchat, ambaye ana mvi sasa, nikamwuliza anipe neno la kuandika juu ya Sista. Safari hii maneno yalimtoka bila kigugumizi. “Andika kwamba alichelewa,” alisema. “Usilifiche hilo, Padre, kwa sababu yeye hakulificha. Halafu andika kwamba alikuja.”

Basi nimeandika yote mawili, kwa ajili yenu mnaofundisha, mnaotibu, mnaolea na mnaohubiri. Mkitaka kumfuata Sista Odile, msianze na magoti yake matopeni wala na zile ngazi za Limoilou, kwa maana hizo ni njia za mtu aliyechelewa. Anzeni mapema kuliko yeye. Mtu mdogo akisimama mbele yenu na neno gumu, na ulimi wake ukamtatiza, msimkate, na wala msimsingizie Mungu mambo ambayo hamjakwenda kuyaangalia. Mngojeeni mpaka amalize kusema.